Mlango wa Nane: Nasaha Kutokana na Shindano la Kusoma la Kiangazi

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeifanya kalamu kuwa chombo cha elimu. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake, masahaba zake na kila aliyewafuata kwa wema hadi siku ya mwisho. Ama baad.



Wengi wenu mlishiriki shindano la kusoma la jumuiya yetu wakati wa likizo ya kiangazi. Amiri aliniomba niandike kurasa chache juu ya faida nilizozipata. Nikamwambia nitaandika, kwa sharti kwamba niandike na hasara yangu pia, kwa kuwa faida kubwa niliyoipata ilipitia humo. Akakubali. Basi someni, na mniombee dua.

Tuanze na lililo wazi. Amri ya kwanza iliyomshukia Mtume (s.a.w.) katika pango la Hira ilikuwa amri ya kusoma. Alikuwa mtu asiyejua kusoma wala kuandika. Jibril (a.s.) akambana mara tatu, na kila mara akamrudishia amri ile ile. Lakini tukiitazama Surat Al-Alaq tangu aya yake ya kwanza, tunaona kwamba hakuamrishwa kusoma tu. Aliamrishwa kusoma kwa jina la Mola wake aliyeumba. Kusoma kukafungwa pamoja na jina la Mwenyezi Mungu tangu saa ile ya kwanza. Mwenye kuvitenga viwili hivyo anaweza kusoma maktaba nzima na asifike popote. Nami nimeyaonja hayo mwenyewe.

Kwa wale ambao hawakuwapo, nieleze kwa ufupi jinsi shindano lilivyopangwa. Kila mshiriki alipewa karatasi yenye milango minane. Amiri alichagua nane kwa sababu Mtume (s.a.w.) ametujulisha kwamba Pepo ina milango minane. Mlango wa kwanza ulikuwa tafsiri ya sura moja ya Qur'ani. Wa pili, kitabu cha sira. Wa tatu, maisha ya mwanamke miongoni mwa masahaba. Wa nne, historia ya Uislamu katika nchi zetu. Wa tano, kitabu cha fani usiyoisomea chuoni. Wa sita, riwaya ya Kiswahili. Wa saba, kitabu kilichoandikwa zaidi ya miaka mia tano iliyopita. Na wa nane, kitabu chochote upendacho, ila ukisome kwa sauti mbele ya mtu asiyeweza kujisomea. Ukimaliza kitabu, unaandika jina lake na kutia alama. Hakuna aliyekukagua. Ilikuwa amana kati yako na Mola wako.

Wallahi, nilisoma. Sitaki mdhani kwamba kiangazi chote kilikuwa uongo. Nilisoma Surat Yusuf katika tafsiri ya Sheikh Abdullah Saleh Al-Farsy. Kisha nikasoma riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyotafsiriwa kwa Kiswahili kwa jina la Peponi, na kijana wa humo naye anaitwa Yusuf, naye ametenganishwa na wazazi wake akiwa mdogo. Nilikaa siku nyingi nikiwafikiria Yusuf wawili hao. Katika sira nilisoma Ar-Rahiq Al-Makhtum cha Sheikh Safiur Rahman Mubarakpuri kwa Kifaransa, nikagundua kwamba kitabu hicho chenyewe kilizaliwa katika shindano: Rabita ya Makka ilitangaza mwaka 1976 mashindano ya kuandika sira, na kazi yake ikapata nafasi ya kwanza. Nikafurahi sana. Nikajiambia kumbe mashindano si jambo baya, mtu akitia nia njema.

Katika mlango wa nne nilisoma jinsi Uislamu ulivyofika kwetu ufukweni mwa Tanganyika kupitia misafara ya wafanyabiashara kutoka pwani na Ujiji. Humo nilikutana na jambo lililonikera, nalo ni kwamba miongoni mwa waliokuja na swala walikuwamo waliokuja na minyororo. Muhammad bin Khalfan, yule aliyeitwa Rumaliza, alijaribu kuingia nchi hii kwa nguvu, na majeshi ya Mwami Mwezi Gisabo yakamzuia. Ni vizuri Mwislamu wa Burundi ayajue hayo bila kuyaficha, ili atofautishe kati ya dini na matendo ya mwenye dini. Katika mlango wa saba nilisafiri na Ibn Battuta mpaka Mombasa na Kilwa, alikofika mwaka 1331. Na mimi mwanafunzi wa uchumi nikasoma kitabu kizima juu ya udongo, nikaelewa kwa nini mlima ukikatwa miti mvua huutelemsha bondeni.

Katika mlango wa tatu nilisoma maisha ya Asma binti Abu Bakr (r.a.), yule aliyepasua mshipi wake vipande viwili ili afunge chakula cha Mtume (s.a.w.) na cha baba yake walipokuwa wakihama kwenda Madina. Aliishi miaka mingi, na inasimuliwa kwamba uzeeni macho yake yalizimika. Ni yeye Asma aliyesimulia kauli ya Mtume (s.a.w.) juu ya mtu anayejionesha kuwa ameshiba kwa kitu ambacho hakupewa. Mtu huyo alimfananisha na aliyevaa nguo mbili za uongo. Hadithi hiyo wameipokea Bukhari na Muslim. Niliisoma, nikaipigia mstari kwa penseli, nikafungua ukurasa uliofuata.

Ikabaki milango saba nyuma yangu na mmoja mbele.

Bibi yangu anakaa Buyenzi, katika nyumba aliyoachiwa na marehemu babu. Macho yake yana mtoto wa jicho, lile la kulia halioni kabisa, na la kushoto linaona mwanga na vivuli. Babu alipokuwa hai alikuwa akimsomea Riyadh As-Salihin cha Imam Nawawi baada ya Magharibi, ukurasa au kurasa mbili, kila siku. Tangu alipofariki, kitabu kile kimekaa juu ya kabati kimefungwa katika kitambaa cheupe. Nilipomweleza bibi juu ya mlango wa nane, hakunipa nafasi ya kumaliza. Alinyoosha kidole kuelekea kabatini.

Nikamwambia, "Kesho, bibi, inshaallah."

Kesho yake nilikuwa na sura mbili za Ibn Battuta. Keshokutwa umeme ulikatika. Siku nyingine nilichelewa mjini. Kila Magharibi nilimkuta amekaa mkekani, ameshakula ugali wake na ndagala, amejifunga ushungi vizuri kama mtu anayesubiri mgeni. Naye hakulalamika. Aliuliza tu, "Leo, mjukuu wangu?" Nami nikasema kesho. Wiki zikapita. Siku ya mwisho ya kurudisha karatasi nikaitazama ile nafasi moja tupu kati ya nafasi nane. Wenzangu wengine walikuwa wamekwama kwenye sita, na mmoja nilijua amefika saba kama mimi. Nikaandika, "Riyadh As-Salihin, nimemsomea bibi yangu," kisha nikatia alama.

Siku ya kufunga shindano tulikusanyika baada ya swala ya Ijumaa. Jina langu likasomwa la kwanza. Amiri alisimama akasema kwamba vitabu saba ni jambo la kupongezwa, lakini kilichomgusa ni cha nane, kijana anayekaa chini na bibi yake asiyeona akamsomea maneno ya Mtume (s.a.w.). Upande wa dada zetu nilisikia mtu akilia. Watu wakatoa takbira. Nikapewa zawadi, kanzu mpya nyeupe, imeshonwa kwa uzi wa hariri shingoni. Niliipokea kwa mikono miwili, nikatabasamu.

Ndugu zangu, katika Surat Aal Imran, aya ya 188, Mwenyezi Mungu anawataja watu wanaopenda kusifiwa kwa mambo ambayo hawakuyatenda, na anatuonya tusidhani kwamba hao wamesalimika na adhabu. Nilikuwa nimeisoma aya hiyo mara nyingi nikiwafikiria wanafiki wa Madina. Ijumaa ile nilijikuta nimesimama ndani yake.

Nilirudi nyumbani na kanzu begani. Bibi akaipapasa, akafuata ushonaji wa shingoni kwa vidole, akasema ni kazi nzuri. Akauliza nimepewa kwa ajili gani. Nikasema, "Kwa kusoma, bibi." Akafurahi, akaniombea dua ndefu. Kisha akasema, "Basi sasa umeshamaliza mashindano yako. Unaweza kunisomea mimi."

Hakusema kwa kejeli. Bibi yangu hana kejeli. Aliamini kweli kwamba mambo muhimu yalikuwa yananizuia, na sasa yamekwisha.

Usiku ule nilikiteremsha kitabu. Ni nakala yenye Kiarabu na tafsiri ya Kiswahili. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijria akiwa na miaka arobaini na mitano hivi, alikusanya humo hadithi karibu 1,900, na alizipanga kwa mpangilio wa mganga anayejua ugonjwa unaanzia wapi. Mlango wake wa kwanza ni ikhlasi na nia. Hadithi ya kwanza ni ile ya Umar bin Al-Khattab (r.a.), kwamba amali hupimwa kwa nia zake na kila mtu atapata alilolikusudia. Mlango wa pili ni toba. Wa tatu ni subira. Wa nne ni ukweli. Nilisoma mlango wa nia kwa sauti inayotetemeka, na bibi akawa ananitangulia, kwa sababu hadithi nyingi anazijua kwa moyo. Niliporuka neno alinisubiri nilirudie.

Usiku wa tatu tulikuwa katika mlango wa toba, tukafika katika kisa cha Ka'b bin Malik (r.a.). Mnakijua, lakini nivumilieni nikikumbushe, maana mimi nilidhani nakijua.

Ilikuwa mwaka wa tisa wa Hijria, safari ya Tabuk, wakati wa joto kali, matunda yameiva na kivuli ni kitamu. Ka'b hakuwa na udhuru. Alikuwa na afya, na anasema hakuwahi kuwa na uwezo kama wakati ule, hata alikuwa na ngamia wawili. Kila asubuhi alitoka ili ajitayarishe, akarudi bila kufanya lolote, akijiambia anaweza kufanya wakati wowote akitaka. Akaendelea hivyo mpaka jeshi likaondoka. Nilipofika hapo nilisimama. Bibi akadhani taa imezimika.

Mtume (s.a.w.) aliporudi, watu zaidi ya themanini walikuja kumwapia na kumpa nyudhuru, akazipokea kwa dhahiri yake na siri zao akamwachia Mwenyezi Mungu. Ka'b alikuwa na ulimi fasaha, na mwenyewe anakiri kwamba angekuwa mbele ya mtu mwingine wa dunia angejinasua kwa maneno. Lakini alisema ukweli, kwamba hakuwa na udhuru wowote. Yeye na wenzake wawili, Murara na Hilal, wakasuswa na watu siku hamsini, mpaka ardhi ikawa finyu kwao pamoja na upana wake. Kisha toba yao ikateremshwa katika Surat At-Tawba, nayo inasomwa mpaka leo. Aliyekuja kumpa bishara Ka'b alimvua nguo zake mbili akampa, wala siku ile hakuwa na nyingine, akaazima za kuvaa aende kwa Mtume (s.a.w.).

Ka'b alivua nguo zake mbili kwa furaha ya ukweli. Mimi kanzu yangu ilikuwa imetundikwa ukutani, nyuma ya mgongo wangu. Ile hadithi ya Asma niliyoipigia mstari kwa penseli ikanirudia neno kwa neno.

Nikafunga kitabu, nikamwambia bibi yote. Nikamweleza nilichoandika kwenye karatasi, kilichosemwa msikitini, na kanzu ile ilikuwa ya nini. Alinyamaza kwa muda. Kisha akasema, "Mimi nilikuwa nimekusamehe kila siku uliposema kesho. Lakini waliokupigia takbira si mimi. Hao uwaendee wenyewe."

Hapa niseme neno la fikihi, ili mtu asinielewe vibaya. Dini yetu haituamrishi kutangaza madhambi. Dhambi iliyo baina yako na Mola wako, naye akakusitiri, jisitiri na utubu. Mtume (s.a.w.) ametuonya vikali juu ya mtu anayelala akiwa amesitiriwa na asubuhi akajifichua mwenyewe. Lakini ukiwaambia watu uongo wakauamini, hapo toba ina sharti la ziada. Surat Al-Baqara, katika aya ya 160, imewavua katika lawama wale wanaotubu, wakatengeneza walichokiharibu, na wakabainisha. Aya hiyo inawazungumzia wanaoficha elimu iliyoteremshwa. Hata hivyo funzo lake linatuhusu: aliyepotosha watu kwa maneno yake, toba yake haitimii mpaka awaoneshe ukweli.

Nilimwendea amiri na kanzu imekunjwa. Hakunikemea. Alikaa kimya, kisha akasema kosa si langu peke yangu, kwa sababu walihesabu vitabu na hawakumuuliza mtu hata mmoja kilichobaki moyoni mwake. Nikasema hapana, karatasi ilikuwa na nafasi ya ukweli vile vile. Ijumaa iliyofuata nilisimama baada ya swala nikaeleza kwa maneno machache. Magoti yalikuwa mepesi kama ya mtu mwenye homa. Hakuna aliyetoa takbira, na hakuna aliyenizomea. Tulipotoka, ndugu mmoja alimwomba amiri amrudishie karatasi yake kidogo. Sikumuuliza kwa nini.

Ndugu zangu, sasa nieleze ninachotaka mkichukue.

Kwanza, kitabu ni amana kabla hakijawa hesabu. Katika Surat Al-Jumu'a Mwenyezi Mungu amewapigia mfano wale waliobebeshwa kitabu wasikibebe kwa matendo, akawafananisha na punda aliyebebeshwa vitabu vikubwa. Punda akibeba vitabu saba, mzigo wake ni mzito kuliko wa punda aliyebeba kimoja, hana zaidi ya hapo. Mimi nilisoma hadithi ya nguo mbili za uongo, na mwezi haukupita nikazivaa. Hiyo ndiyo maana ya mgongo kubeba na moyo usijue. Na siku ya Kiyama hatutaulizwa tulisoma vitabu vingapi. Tutaulizwa elimu yetu tuliifanyia nini.

Pili, tuogope kusoma ili tuitwe wasomaji. Katika hadithi aliyoipokea Muslim, miongoni mwa watu watatu wa kwanza kuhukumiwa ni mtu aliyejifunza elimu na kusoma Qur'ani ili isemwe kwamba yeye ni mwanachuoni na msomaji. Ataambiwa kwamba imekwisha kusemwa. Malipo yake alishayapata duniani, nayo ni maneno ya watu. Tunaotuma picha za vitabu vyetu katika makundi ya simu, kila mmoja ajiulize anasubiri nini baada ya kutuma.

Tatu, mlango mgumu mara nyingi ndio mlango wako. Nilifika Kilwa na Ibn Battuta, na nilishindwa kufika mkekani kwa bibi, hatua kumi kutoka kitandani kwangu. Vitabu saba vilinihudumia mimi. Cha nane kilinitaka nimhudumie mtu, ndipo nafsi ikatafuta kesho. Nyumbani kwenu yupo nani ambaye macho yake yamechoka, au hakupelekwa shule, au anajua Kiswahili peke yake na vitabu vyako vyote ni vya Kifaransa? Huenda huyo ndiye shindano lako.

Nne, kidogo cha kudumu. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba amali inayopendwa zaidi na Mwenyezi Mungu ni ile inayodumu, hata ikiwa ndogo. Mimi na bibi tunasoma hadithi tatu au nne kila usiku ninapokuwa nyumbani. Hadithi 1,900 kwa mwendo huo ni safari ndefu, na hatuna haraka. Niliporudi chuoni nilimkabidhi mdogo wangu wa kike zamu hiyo, naye anasoma Kiarabu vizuri kuliko mimi, bibi ameshanipa habari hizo zaidi ya mara moja.

Kiangazi kijacho, inshaallah, jumuiya itaandaa shindano tena. Amiri ameniambia milango itabaki minane, ila kila mshiriki ataandika mistari miwili juu ya jambo moja alilolibadilisha kutokana na kitabu. Shirikini. Msiache kusoma kwa sababu ya kuogopa riya, maana kuacha wema kwa ajili ya watu nako ni mlango wa shetani. Jiandikisheni, chagueni vitabu vyenu, na kabla ya kufungua ukurasa wa kwanza semeni Bismillahi kwa kuikusudia. Na nafasi ikibaki tupu, iacheni tupu. Nafasi tupu yenye ukweli haimdhuru mtu kitu.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atunufaishe kwa aliyotufundisha, atufundishe yatakayotunufaisha, na atukinge na elimu isiyo na manufaa na moyo usionyenyekea. Awarehemu wazee wetu waliotusomea tulipokuwa wadogo, awaponye wale ambao macho yao yamechoka, na atujaalie tuwe miongoni mwa wakweli. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.